Nyumba Ikiwa Mikononi mwa Fundi, Kazi ya Mikono Iwekwe Wapi?

Katika nyumba nyingi za Kenya, za mijini na za mashambani, kuna kazi ndogo ifanywayo jioni baada ya kazi kubwa za mchana kwisha. Huyu anatia viua vya kofia, yule anasuka ukili wa mkeka, na mwingine anafuma kwa kulabu vitambaa vya kufunikia makochi. Kazi hii haina msimamizi wala kengele. Watu huifanya kwa sababu yawapendeza, na ikiuzwa ikaleta fedha kidogo, hiyo ni faida juu ya faida.

Nyumba hizo hizo hufikiwa na siku ya matengenezo. Bati limetoboka, boriti imeliwa na mchwa, au ukuta umefanya ufa wa kuingia kidole. Fundi huja na ngazi, mwiko na ndoo zake, na tangu saa ile hakuna chumba kilicho chumba. Vitanda husimamishwa, masufuria hulala nje, na kitu cha kwanza kusukumwa uvunguni au stoo ni kile kikapu cha kazi ya mikono. Baada ya miezi kadha hupatikana kimeliwa na panya au kimeota ukungu, na mwenyewe hana moyo tena wa kuanza. Husemwa kwamba hasara si kubwa, kwa kuwa ule ulikuwa mchezo tu. Lakini mtu aliyeipoteza kazi ya miezi minne ajua kwamba hakupoteza mchezo.

Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mwenye nyumba ajue mambo mawili: matengenezo yake yatachukua muda gani hasa, na kazi yake ya mikono yaweza kusimamishwa mahali gani bila kuharibika. Watu wengi hujua moja kati ya hayo, na la pili hulijua baadaye kwa uchungu.

MFANO WA LAMU

Mahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni Lamu, kwa kuwa huko nyumba ni ngumu kutengenezwa na kazi ya mikono ni ya subira nyingi. Mji wa kale wa Lamu, ulioandikwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini ni vyembamba, kwa sababu upana wa chumba hauwezi kuupita urefu wa boriti ibebayo dari. Tena vyumba hupangwa kimoja nyuma ya kingine, hata aendaye chumba cha ndani hana budi kupita katika vile vya mbele. Kwa sababu hiyo, dari ya chumba cha ndani ikibomolewa, kifusi chote chapitishwa mbele ya kila kitu kilichomo nyumbani, na vumbi lake laingia hata katika makasha yaliyofungwa.

Kisha kuna chokaa. Chokaa ya kienyeji hupatikana kwa kuchoma matumbawe katika tanuri, kisha huzimwa kwa maji kabla ya kuchanganywa na mchanga. Lipu ya chokaa haikauki kama nguo iliyoanikwa juani. Hukaza polepole kwa kuivuta hewa ya ukaa iliyomo katika hewa tunayopumua, na ili ifanye hivyo yahitaji unyevu kidogo. Ikipigwa na jua kali au upepo mkavu hupasuka na kuwa unga. Kwa hiyo fundi mwema hupiga tabaka la kwanza, hulinyunyizia maji, hungoja, ndipo apige la pili. Mwenye nyumba amwonaye fundi ameketi asidhani kila mara kwamba ni mvivu. Huenda ukuta ndio ufanyao kazi.

Mwenye haraka humwambia fundi aweke saruji ili mambo yaishe upesi. Katika ukuta wa matumbawe shauri hili ni baya. Matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na maji hayo hubeba chumvi. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, na huyafungia maji ndani. Chumvi hujikusanya nyuma yake, na baada ya muda lipu huvimba na kuanguka pamoja na vipande vya jiwe. Ndipo mafundi huitwa mara ya pili, na kikapu cha kazi hurudi uvunguni mara ya pili. Aliyetaka kuokoa wiki tatu amepoteza mwaka.

Na sasa itazamwe kofia. Kofia ya viua hushonwa kwa nguo nyeupe ya pamba, nayo ni vipande viwili: cha juu kilicho mviringo, na mshipi wa kuzunguka kichwa. Nakshi huchorwa kwanza juu ya nguo. Kisha matundu madogo hutobolewa moja moja na kuzungushiwa uzi kwa sindano, na matundu hayo ndiyo viua. Kofia moja njema yaweza kuwa na mamia ya viua na kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Kofia za namna hii zina undugu na kumma zivaliwazo Oman, jambo lisiloshangaza kwa watu waliosafiriana kwa majahazi miaka mingi.

Kazi kama hii ina maadui watatu wakati wa matengenezo. Wa kwanza ni uchafu, maana nguo nyeupe haifichi alama ya kidole chenye vumbi la boriti kuukuu. Wa pili ni unyevu wa lipu mpya, ambao huleta ukungu ndani ya kasha lililoegemezwa ukutani. Wa tatu haonekani, naye ni mkono wenyewe. Mkono ulioacha sindano miezi miwili ukirudi huvuta uzi kwa nguvu nyingine, na mnunuzi mwenye jicho huona mahali ambapo mshonaji mmoja amekuwa kama washonaji wawili. Ndiyo sababu wajuzi hawaachi kofia katikati ya nakshi. Humaliza mstari mzima, au kipande kizima cha juu, ndipo waiweke; wakirudi huanza mahali ambapo jicho halitegemei mfano wa jana.

Mathalan, bibi mwenye nyumba ya namna hii ana kofia tatu ambazo wenyewe wanazitaka kwa Idi. Ya kwanza imebaki kidogo, ya pili imefika nusu, na ya tatu imechorwa tu. Na dari ya chumba cha ndani imeanza kushuka. Hapo hakuna mjadala: dari itengenezwe. Boriti iliyooza haingoji Idi, na chini yake wamelala watoto. Lakini si lazima kila kitu kitupwe siku ile ile. Dari yaweza kutegemezwa kwa mihimili, ikiwa fundi ameitazama na kukubali kwamba yaweza kungoja, na wanaolala chini yake wakahamishwa usiku ule ule. Katika siku hizo chache kofia ya kwanza itamalizwa. Ya pili itatoka nyumbani pamoja na mwenyewe kila asubuhi, iende kwa dada yake au kwa jirani, ikiwa imefungwa katika kitambaa safi. Ya tatu itakunjwa na kuwekwa, na mteja wake aambiwe mapema kwamba haitakuwa tayari. Hilo la mwisho ndilo gumu, na wengi hulikwepa mpaka siku ya mkesha.

Mazungumzo na fundi nayo yafanywe kabla ya nyundo ya kwanza.

"Fundi, kazi hii itachukua muda gani?"

"Wiki mbili tu, mama, Mungu akipenda."

"Wiki mbili za kalenda, au wiki mbili za fundi?"

Fundi mkweli atacheka, kisha ataeleza: siku kadha za kubomoa, siku za kupanga boriti mpya, na siku za kungoja chokaa. Katika hizo za kungoja hakuna kelele wala vumbi jipya. Mwenye kushona akizijua siku hizo tangu mwanzo, aweza kuketi kwenye baraza ya mlangoni, mahali penye mwanga mzuri, na kutia viua vyake kwa raha. Asiyezijua hukaa bure akilinda ndoo.

Utaratibu wa vyumba wafuata umbo la nyumba. Kwa kuwa kifusi chatoka ndani kwenda nje, chumba cha ndani kitengenezwe kwanza na cha mbele mwisho. Mtu akianza na cha mbele kwa kuwa ndicho kionwacho na wageni, lipu yake mpya itakwaruzwa na kila mzigo utokao ndani. Makosa haya hufanywa sana kabla ya Maulidi, wakati mji unapotazamia wageni wengi.

NYUMBA ZA MABATI NA ZA UDONGO

Bara mambo ni mengine. Paa la mabati la nyumba ndogo laweza kubadilishwa kwa siku moja au mbili, lakini katika siku hizo nyumba nzima iko wazi. Hapa hakuna chumba cha kukimbilia, na kinachoamua ni majira. Mvua za masika huanguka tangu Machi hadi Mei, na za vuli tangu Oktoba hadi Desemba. Hata hivyo, watu wengi hulishika paa mwezi wa Novemba, kwa sababu jamaa watakuja nyumbani kwa Krismasi na fedha zimepatikana wakati huo. Paa lifunguliwe Januari au Februari, au katika miezi ya baridi baada ya masika. Kama fedha zapatikana Novemba tu, mabati yanunuliwe Novemba na kupigwa misumari Januari.

Nyumba ya udongo hukandikwa upya mara kwa mara, na kazi hiyo huhitaji mikono ya nyumba nzima. Mwanamke aliyekuwa akisuka kiondo hana mikono ya pili. Lakini kiondo kina tabia njema kuliko kofia. Nyuzi zake za katani huning'inia kutoka kitako, na msukaji huongeza mzunguko mmoja mmoja. Aweza kuacha popote na kushika tena popote. Akina mama wa Ukambani na wa Ugikuyu wamekisuka tangu zamani wakienda njiani na kuzungumza. Anayengojea udongo ukauke, au anayemsimamia fundi wa mabati asije akaondoka na misumari, hupata mizunguko kadha kabla ya jua kutua. Ukili wa mkeka una tabia iyo hiyo. Husukwa kuwa utepe mrefu na kuviringwa kadiri unavyozidi, na mkeka wenyewe hushonwa baadaye, nyumba ikiisha kutulia. Ila ukindu uliokauka mno hukatika mkononi, basi ulowanishwe kidogo kabla ya kusukwa, wala usianikwe karibu na chokaa.

Kwa hiyo mwenye kazi mbili za mikono afanya vema kuiweka ile ya kukatizwa kwa ajili ya wakati wa matengenezo, na ile isiyokubali kukatizwa kwa ajili ya wakati wa utulivu. Mwenye moja tu, nayo ni ngumu, aweza kujifunza nyingine iliyo rahisi. Si aibu mshonaji wa kofia kuonekana na ukili.

Cherehani yastahili neno lake. Watu huifunika kwa shuka wakadhani wameihifadhi, na vumbi la saruji hupita katika shuka kama maji katika chujio. Likichanganyika na mafuta ya mashine huwa kama tope la kusagia, nalo hula vyuma. Cherehani itolewe ndani ya nyumba kabisa, au ifungwe kwa plastiki na kamba. Kazi ikiisha, isafishwe kwa burashi kavu kwanza, mafuta ya zamani yapanguswe, ndipo yatiwe mapya. Anayetia mafuta mapya juu ya vumbi amelipeleka vumbi ndani zaidi.

Katika vyumba vya kupanga vya Nairobi, Mombasa au Kisumu, mpangaji hachagui siku. Mwenye nyumba hutuma fundi wa bomba au wa rangi, na mlango hugongwa. Yafaa mpangaji aombe kuandikiwa siku ya kuanza na ya kumaliza, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Tena rangi ya mafuta ina harufu ambayo vitambaa vilivyofumwa huishika kwa muda mrefu. Vitolewe mapema, wala visirudishwe siku ile ile rangi inapoonekana kukauka.

VUMBI LISILO LA KUCHEZEA

Kuna mambo mawili ambayo si ya kulinganisha na kazi yoyote ya mikono, na mtu hana ruhusa ya kuketi karibu akishona.

La kwanza ni mapaa ya zamani ya asbesto, ambayo yangali juu ya majumba kadha. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006. Bati la asbesto likikatwa kwa msumeno au kuvunjwa kwa nyundo hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana, nazo zikivutwa pumuni zaweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Fundi wa kawaida asiliguse. Kazi hiyo ni ya watu wenye kibali na vifaa. Na nguo, uzi au ukindu uliokuwa chini ya paa hilo usikung'utwe.

La pili ni rangi kuukuu. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na unga wake hudhuru ubongo wa watoto. Ikikwanguliwa, ukuta ulowanishwe kwanza, watoto wawe kwingine, na sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji badala ya ufagio. Mwenye kuchora au kuchonga asiutumie ubao wa mlango wa zamani uliong'olewa mpaka ajue rangi yake ni ya namna gani, hata kama mti wake ni mzuri.

Chokaa isiyozimwa nayo huchemka itiwapo maji na kuunguza ngozi. Ikiingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji safi mengi, na mgonjwa apelekwe hospitali. Mshonaji aliyemsaidia fundi kubeba chokaa asubuhi ataona jioni vidole vyake vimekauka na kupasuka, na uzi wakwama katika nyufa. Glavu za mpira ni rahisi kuliko wiki moja bila sindano.

MFUKO WA UZI

Matengenezo yana njaa. Ukuta uliodhaniwa kuwa na ufa mmoja huonekana, lipu ikiisha kuanguka, kuwa na nyufa tano. Fedha za uzi na nguo, ambazo ni kidogo, huliwa siku ya kwanza kwa kununua misumari, na nyumba ikiisha hakuna uzi. Yafaa vitu vya kazi ya mikono vya miezi miwili vinunuliwe kabla fundi hajaanza, kwa kuwa uzi ulio ndani ya kikapu haugeuki misumari. Katika nyumba nyingine bwana ataona jambo hili ni upuuzi. Basi na waketi wahesabu pamoja kofia au viondo viliuza kiasi gani mwaka uliopita, ikiwa huuzwa. Na ikiwa haviuzwi, wahesabu ni jioni ngapi nyumba ilikaa kwa amani kwa sababu mtu mmoja alikuwa na kazi ya kumtuliza.

Wakati wa kurudisha vitu ndani, haraka huharibu mengi. Sakafu ya saruji humwagiwa maji kwa muda wa siku saba hivi ili ikaze, na hata baada ya hapo hubaki na unyevu ndani. Kipimo cha mafundi cha kukaza ni siku 28. Kasha la nguo liinuliwe juu ya matofali, liache nafasi ya mkono kutoka ukutani, na lifunguliwe mara kwa mara lipate hewa. Ukuta wa chokaa hujulikana kwa kiganja: ukiwa bado baridi kuliko hewa ya chumba, maji yangalimo. Mahali palipong'olewa boriti zenye mchwa patazamwe tena baada ya wiki mbili, kabla mkeka haujatandikwa hapo, kwa maana mchwa waliofukuzwa darini huweza kutokea sakafuni.

Na kofia ikiisha kuunganishwa vipande vyake viwili, hufuliwa, hutiwa wanga na kukaushwa juu ya kitu cha mviringo ili ishike umbo. Maji ya kuifulia yasichotwe katika pipa lililokuwa la chokaa, hata likisuguliwa mara tatu.